Lebanoni Tuijuayo ni Mti, Mlima Tumeusahau

Tangu utotoni nimeisikia mierezi ya Lebanoni kanisani, kwenye Zaburi ya 92, na kichwani mwangu Lebanoni ikawa mti mmoja mkubwa uliosimama peke yake. Habari za mlima wenyewe hakuna aliyenisimulia. (Mtarakwa wetu wa nguzo za uzio, ambao wengi huuita mwerezi, ni wa ukoo mwingine kabisa.)

Safu ya Lebanoni inaambaa na pwani ya Mediterania kwa takriban kilomita 160. Kilele chake cha juu, Qurnat as-Sawda, kina mita 3,088, na kutoka hapo hadi baharini, penye mji wa Tripoli wa Lebanoni, ni kama kilomita 30 tu. Mawingu ya baharini yakifika hapo hayana budi kupanda. Yanapoa, yanamwaga mvua na theluji upande wa magharibi. Ukivuka ng'ambo, kaskazini mwa bonde la Bekaa, unakuta nchi kavu. Jina lenyewe latokana na weupe, mzizi uleule wa Kisemiti uliotupa neno ubani.

Theluji ile haipotei. Mlima ni mawe ya chokaa yaliyojaa nyufa na mapango, kwa hiyo maji yanazama ndani, yanashuka polepole, mpaka yakutane na tabaka lisiloyapitisha. Hapo ndipo chemchemi hububujika. Pale Afqa maji yanatoka kwenye pango la jabali na kuwa mto, Nahr Ibrahim, hadi baharini. Kiangazi mvua hukatika kabisa, lakini matufaha ya kwenye matuta yananyweshwa kwa theluji ya miezi iliyopita. Mwamba ndio tangi la nchi ile.

Sasa tazama kilicholindwa. Karne ya 2, Kaisari Hadrian aliamuru maandishi yachongwe kwenye majabali, na kiasi cha 200 yanajulikana hadi leo: aina nne za miti ni zake, nyingine watu wakate. Mwaka 1876 Malkia Victoria wa Uingereza aligharimia ukuta wa kuwazuia mbuzi wasile miche kwenye msitu wa mierezi wa Bsharri. Mwaka 1998 UNESCO ikauingiza msitu huo, pamoja na bonde la Qadisha, katika Urithi wa Dunia. Yote mema, nayashukuru. Lakini nje ya kuta hizo machimbo ya kokoto na saruji yanaumega mlima vipande vipande, na hilo linaniuma sana. Mti ukikatwa, mwingine waweza kupandwa. Mwamba uliosagwa ukawa zege hauhifadhi maji tena, wala haupandwi.

Na mti wenyewe unautegemea mlima. Koni ya mwerezi husimama wima juu ya tawi kama yai kwenye kikombe, na huchukua miaka miwili au zaidi kukomaa. Haidondoki nzima, inapukutika magamba palepale juu, mbegu zikapeperuka na upepo. Mbegu hizo zinahitaji majira ya baridi na unyevu ndipo ziamke vizuri. Joto likizidi, msitu hutafuta ubaridi kwa kupanda juu zaidi, kizazi baada ya kizazi. Kule Barouk, milima ya Shouf, mierezi imekwisha kuukaribia ukingo wa juu. Juu yake hakuna mlima tena.