Grafu isiyoanzia sifuri si lazima iwe ya uongo

Siku hizi ukiweka grafu hadharani, mkosoaji wa kwanza hata hasomi takwimu. Macho yake yanashuka moja kwa moja hadi mguuni mwa mhimili wima, na akikuta umeanzia 35 au 90, kesi imekwisha: umedanganya.

Lawama hiyo ina chanzo. Chukua grafu ya nguzo mbili, moja ya 50, nyingine ya 52. Tofauti yake ni asilimia 4. Anzisha mhimili kwenye 48, na nguzo ya kwanza inabaki na kimo cha 2, ya pili 4. Jicho linaona maradufu. Namba sahihi zimeandikwa pale pembeni, lakini nani anazisoma? Nguzo husema kwa urefu wake; ukiikata miguu umeikata ulimi. Hapo sina utetezi.

Shida inakuja kanuni ya nguzo inapobebeshwa kila mchoro. Grafu ya mstari haipimwi urefu kutoka chini. Tunatazama mwinuko: wapi imepanda, wapi imetulia. Fikiria chati ya joto la mgonjwa, asubuhi nyuzi 37, usiku 39.5. Ichore kwa kimo cha sentimita 10, kutoka 0 hadi 40, na homa yote hiyo inapanda milimita 6 na ushee. Daktari mwenye haraka ataona mstari umelala. Ianzishe 35 iishie 42, homa ileile inapanda zaidi ya sentimita tatu na nusu. Ipi imemsaidia mgonjwa? Ile ya kwanza sehemu yake kubwa imetengewa joto la maiti.

Tena sifuri yenyewe ni ya nani? Ya Selsiasi iko pale maji yanapoganda. Ya Farenhaiti iko karibu nyuzi 18 za Selsiasi chini ya hapo. Nyuzi 20 si joto maradufu ya nyuzi 10. Anayelazimisha mstari wa joto uanzie sifuri anaulazimisha uanzie kwenye alama ambayo watu waliichagua kwa urahisi wao.

Desemba 2015 jarida moja la Marekani lilisambaza grafu ya wastani wa joto la dunia tangu 1880, mhimili ukitoka hasi 10 hadi 110 za Farenhaiti. Mstari ulinyooka kama kamba iliyovutwa. Sifuri ilikuwemo, na hakuna aliyehitaji kughushi namba hata moja. Ongezeko la takriban nyuzi 1 ya Selsiasi, yaani 1.8 za Farenhaiti, kwenye kimo kilekile cha sentimita 10, ni milimita moja na nusu: karibu unene wa wino.

Ni kweli kwamba mlango huu unapitisha na wahuni. Ukibana kipimo vya kutosha, mtikisiko wa kawaida wa bei unageuka poromoko. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza badiliko la kiasi gani lina uzito katika jambo lenyewe. Kwa homa, hata nyuzi 1 ni habari. Na mchoraji akiweka ile alama ndogo ya mkunjo mguuni mwa mhimili, kuonyesha kwamba umekatwa, kwenye mstari sioni deni lililobaki. Kwenye nguzo haitoshi: jicho limeshapima urefu kabla halijaiona.