Mshtarii ilianza na kiini, au ilimeguka moja kwa moja kutoka kwenye gesi?

Mshtarii ina masi mara 318 ya Dunia, na sehemu kubwa ni hidrojeni na heli. Sahani ya gesi na vumbi inayozunguka nyota changa hutoweka ndani ya miaka milioni chache tu, kwa hiyo nadharia yoyote ya kuumbika kwake inakimbizana na muda huo.

Wanaotetea kiini husema mwamba na barafu vilijikusanya hadi kufikia masi ya Dunia kama 10, ndipo gesi ikaporomokea humo. Kikwazo kiko mapema zaidi. Gesi huzunguka polepole kidogo kuliko vipande vigumu. Kipande cha mita moja, kikiwa umbali wa Dunia na Jua, husuguana nayo, hupoteza mwendo na kutumbukia kwenye nyota baada ya miaka kama 100 hivi. Mahesabu ya mwaka 2012 yaliugeuza msuguano huohuo kuwa msaada: changarawe zinazopita karibu na kiini hupunguzwa kasi na gesi, zikanaswa. Kwangu hili ndilo lililoiokoa nadharia.

Upande wa pili, uliohuishwa na mwanaastrofizikia Alan Boss mwaka 1997, husema sahani nzito na baridi hujivuta yenyewe ikameguka mabonge kwa muda mfupi mno. Lakini bonge lisipopoteza joto haraka hutawanyika, na karibu na nyota gesi nzito hulizuia joto kutoka.

Vimondo navyo vinashuhudia. Isotopi za molibdeni, yaani atomi za metali hiyo zinazotofautiana uzito, zinavigawa katika koo mbili zisizochanganyika, na uchambuzi wa mwaka 2017 ulihitimisha kwamba kiini cha Mshtarii kilifikia masi ya Dunia 20 ndani ya miaka milioni 1, kikazitenga kwa kuzuia vumbi la ndani na la nje ya sahani lisichanganyike. Ushahidi huu naupa uzito mkubwa. Vipimo vya Juno, chombo cha anga kilichotumwa kuizunguka Mshtarii, vinavyoonyesha kiini kilichochanganyika na gesi bila mpaka dhahiri, siupi upande wowote: mgongano mkubwa ungeweza kukivuruga baadaye.

Hata hivyo GJ 3512 b, sayari ya nyota nyingine iliyotangazwa mwaka 2019, inawasumbua watetezi wa kiini. Nyota yake ina masi 0.12 tu ya Jua, ilhali sayari ina angalau 0.46 ya Mshtarii. Vumbi la kujenga kiini lingetoka wapi? Ila sayari hiyo huizunguka nyota yake kwa siku kama 204, karibu mno kwa bonge kupoa, kwa hiyo watetezi wa kumeguka nao wanadaiwa maelezo ya jinsi ilivyosogea hadi hapo.