Samaki Wangu Nao Wanataka Kuhesabiwa

Nilinunua samaki mmoja. Naomba neno hilo "mmoja" lizingatiwe, kwa sababu ndilo lililokuwa bajeti yangu yote, na hasara zote nilizopata tangu siku ile zimetokana na samaki mwenyewe kulikataa.

Samaki huyo ni lochi, mwenyeji wa mito ya Sumatra na Borneo kule Indonesia, mwenye mwili wa rangi ya chungwa, mistari mitatu mipana myeusi, mkia mwekundu na ndevu fupi mdomoni. Waingereza wamempa jina la chale wa sarakasi. Kijana aliyeniuzia hapa Arusha aliniambia, "Mzee wangu, huyu atakumalizia konokono wote wa tangini, na wala hana makuu." Konokono aliwamaliza kweli. Kuhusu makuu, mimi na kijana yule bado tuna mazungumzo.

Siku nne za mwanzo hakuonekana. Alijibanza nyuma ya filta, mahali ambapo hata karatasi ingepita kwa shida, akatoka usiku tu kama mtu anayedaiwa kodi. Binti yangu wa darasa la sita akasema, "Baba, ni mpweke huyo." Nilimjibu kwamba mimi pia niliposhuka kutoka kwetu Rombo, Kilimanjaro, nikapanga chumba Ngarenaro hapa mjini nilikuwa mpweke, na hakuna aliyeninunulia wenzangu watano.

Kisha ikafika alfajiri moja ya Julai. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, hita imezimika, na baridi ya Arusha ya mwezi huo haihitaji maelezo. Nilimulika tangi kwa tochi ya simu nikamkuta amelala ubavu juu ya mchanga, hatikisiki. Nilisikitika kwa heshima zote, nikachukua chujio la chai ili nimwopoe nikamzike chini ya mgomba kabla mtoto hajaamka. Nilipomgusa tu, marehemu alifurukuta, akachomoza miiba miwili ambayo hadi dakika ile sikujua kwamba anayo, mmoja chini ya kila jicho, nayo ikanasa kwenye wavu wa chujio. Huvuti mbele, huvuti nyuma. Ilinibidi niukate wavu uzi kwa uzi kwa mkasi wa kucha, samaki akiwa nusu ndani ya maji, huku mke wangu amesimama mlangoni na sufuria ya chai mkononi, ananitazama bila kusema neno. Baadaye nilisoma kwamba lochi hupumzika hivyo hivyo, kwa ubavu, wakati mwingine hata chali, na kwamba mfugaji asitishike. Taarifa hiyo ingenifaa kabla ya chujio kufa.

Nilikubali yaishe, nikaongeza wa pili. Kumbe wawili ni balaa kuliko mmoja. Samaki hawa huishi kwa vyeo, na wakiwa wawili tu mwenye nguvu humwelekezea mnyonge ubabe wake wote, mchana na usiku, kwa kuwa hana mwingine wa kumsumbua. Wajuzi husema wasipungue watano, ili ubabe ugawanyike na kila mmoja apate kiasi anachoweza kukistahimili. Basi nikafikisha sita. Siku wale wanne wapya walipoingia, wenyeji walitoka mafichoni, wakajiunga nao, na kundi zima likaanza kupanda na kushuka kwenye kioo kwa kasi, kama watu waliopokea mwali, hadi usiku. Mimi niliyewalipia nauli sikutupiwa hata jicho.

Sherehe ilipokwisha, uchaguzi ukaanza. Wawili wakubwa walisimama ubavu kwa ubavu, wakasukumana, na rangi zao zikapauka mpaka ile mistari myeusi ikafanana na majivu; mke wangu akadhani wameugua. Si ugonjwa, ni kugombea ukubwa, na baada ya mshindi kupatikana rangi zao hurudi zenyewe. Aliyeshinda ndiye mnene kuliko wote, na wafugaji husema kiongozi mara nyingi huwa jike, jambo ambalo nyumbani kwangu halikumshangaza mtu. Wadogo sasa humfuata pembeni, wakigeuka anapogeuka, na bapa la tango haliguswi mpaka yeye ameonja. Bado wanagombana kidogo, na wakigombana au wakila hutoa mlio, tak, tak, unaosikika hadi nje ya kioo. Usiku wa kwanza niliusikia nikachukua rungu nikazunguka nyumba nzima nikimtafuta mwizi anayekata nondo za dirisha.

Yale makuu ambayo kijana alinihakikishia kwamba hayapo ni haya: samaki huyu anaweza kufikia urefu wa sentimita 30 na kuishi zaidi ya miaka 20. Tangi langu lina urefu wa sentimita 80. Mimi nina miaka 54. Kwa hesabu hiyo natakiwa kununua tangi jingine kubwa kuliko kabati la vyombo, kisha nikae na wanangu tuzungumze ni nani atarithi kihamba, yaani shamba la ukoo, na ni nani atarithi lochi.

Kila jioni nawahesabu. Napata wanne, napiga magoti, namulika chini ya gogo, napata watano, na wa sita daima amejipenyeza kwenye ufa ambao nisingeamini kwamba unamtosha. Nikiwa bado nimepiga magoti juzi, mke wangu alinikumbusha kwamba Desemba imekaribia na ukoo unatusubiri Rombo kwenda kuhesabiwa. Nilimuuliza nani atabaki na hita, umeme ukikatika. Akanywa chai yake, akatema jani moja pembeni ya kikombe, akasema kwamba yeye na watoto wameshakata tiketi tatu.