Zambarau: Fort Davis, Texas, Julai 1884

Mshahara dola 13 kwa mwezi, na mlipaji anakuja akijisikia. Stempu ni senti 2, lakini senti hizo hubeba nusu aunsi tu. Ukizidisha, unalipa tena. Ndiyo maana sisi askari weusi wa Rejimenti ya 10 ya askari farasi huandikia karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Wembamba huo ndio ulioniponza.

Wino niliuacha zamani. Mfuko wa tandiko una vyuma vya kwato vya akiba, misumari, chanuo la chuma na brashi. Tia kichupa humo, piga maili ishirini, utakuta vigae. Nikanunua penseli ya kopi. Ikiwa kavu huandika kijivu kama penseli yoyote. Ikipata maji inageuka zambarau isiyojua sabuni. Ili ikolee, unalamba ncha. Nami shule nimeisoma hapahapa kambini, kama wengi wetu tuliozaliwa utumwani, kwa hiyo neno "mpendwa" peke yake nililamba mara tatu. Karatasi mbili zikajaa.

Mama hajui kusoma. Barua husomewa na mchungaji, majirani wakiwapo, sasa utaandikaje kwamba unakula maharage na kuzoa samadi? Niliandika kwamba nimekuwa koplo. Nikaongeza kwamba sajini wetu ana sauti ya nyumbu na akili za nyumbu huyohuyo.

Baragumu la zizini likalia hata anwani sijaandika. Karatasi nikazilaza bapa ndani ya fulana zisikunjike, nikatoka mbio.

Kumsafisha farasi kwa haki ni saa nzima. Chanuo linatangulia, kutibua vumbi na jasho lililokauka, lakini chini ya goti usilipitishe, pale ni mfupa na ngozi tu. Utapigwa teke na utakuwa umelitaka. Kisha brashi, kichwa hadi mkia. Mwisho sponji, machoni na puani. Yote hayo jua la Texas likiwa utosini. Fulana ilikuwa ya kukamua.

Sajini akapita, akauliza mbona farasi wa jirani yangu anatoa makamasi. Nikafungua mdomo kumjibu.

Alirudi nyuma hatua tatu. Makamasi ya farasi si mchezo: upo ugonjwa wake unaomaliza zizi, na humrukia binadamu pia.

"Huyu ulimi umeoza!"

Farasi akatengwa. Mimi nikapelekwa kwa daktari, nikisindikizwa kwa mbali na wenzangu wanne wenye mafagio.

Daktari akaamuru nivue fulana. Kifua chote zambarau, mstari chini ya mstari. Akainama, akanusa, akaacha kuogopa. Akaenda kuleta kioo cha kunyolea. Penseli ya kopi haikupewa jina la bure: karatasi nyembamba ikilowa na kubanwa juu ya kitu, maandishi huhamia pale kinyumenyume, na kioo huyanyoosha.

"'Mama mpendwa,'" akasoma polepole, "'sasa mimi ni koplo.'"

Sajini alikuwa amesimama mlangoni.

Nikamwomba daktari, kwa heshima zote, ukurasa wa pili auache.

Akasema ukurasa wa pili umeteleza ubavuni, niinue mkono.