Mwizi wa Elfu Ishirini

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuielezea: unatoa soksi yako, unatembea porini, unajificha, unasubiri mbwa wa askari wa wanyamapori, anayefundishwa kufuata harufu, aje kukukamata. Malipo shilingi elfu ishirini, taslimu, ukishakamatwa. Huku kwetu kando ya Serengeti, upande wa Mugumu, watu wamekimbizwa na askari wa wanyamapori bure miaka nenda miaka rudi. Niliposikia sasa kuna wanaolipa, na pikipiki yangu imezuiwa kwa fundi kwa sababu ya deni, nikawa wa kwanza kufika getini.

Mke wangu aliuliza kitu kimoja tu: "Mbwa gani?"

Swali la maana sana hilo. Bandani walikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na Malinois, ukoo wa kutoka Mechelen kule Ubelgiji, masikio wima, hatulii hata sekunde, na muda wote alikuwa ananiangalia mapaja. Nikarudi nyuma hatua mbili. Afande mwongoza mbwa akacheka: "Huyo kazi yake ni kukimbiza na kushika kwa meno. Wako ni huyu." Akanionyesha jike mmoja mkubwa amelala ubavu, mashavu yamemwagika sakafuni, masikio marefu yanaingia kwenye bakuli la maji, udenda unamtoka utafikiri bomba limekatika. Bladihaundi. Jina lake Shani. Alifungua jicho moja, akanitazama, akalifunga.

"Ndiye wa kunikamata mimi?"

Nadhani nilimgusa pabaya, maana afande alinipa somo la nusu saa nikiwa nimesimama juani. Kila mbwa ana kazi ya ukoo wake, alisema. Kangal wa Uturuki huzaliwa na kazi ya kulinda kondoo, ndiyo maana hata wafugaji wa Namibia wanamtumia kuzuia duma wasile mbuzi. Koli wa mpakani mwa Uingereza na Uskochi anachunga kwa macho, anainama na kukodoa mpaka kondoo wenyewe wanaona aibu na kwenda zizini. Bladihaundi ni pua. Watawa wa Mtakatifu Hubert, huko milima ya Ardennes, ndio wanaotajwa kuufuga na kuutunza ukoo wake karne nyingi zilizopita. Sisi binadamu tuna chembe za kunusia kama milioni 5. Yeye zake zinakadiriwa kufikia milioni 300. Hata Virunga, kule Kongo, askari wa hifadhi wanafuatilia majangili kwa mbwa hawa hawa.

"Na akinikuta?"

"Atakulamba."

Nikaona nimepata kazi ya maisha. Akafungua mfuko wa plastiki, akataka soksi. Nikavua ya kushoto. Aliipokea kwa ncha za vidole viwili, akageuza uso upande wa upepo, akafunga mfuko haraka na kusema hii inatosha kabisa. Kisha akanipa kopo lenye vipande vya nyama ya kuchemsha. Hiyo ilikuwa sehemu muhimu kuliko zote: Shani akinifikia nimpe nyama palepale, ndiyo mshahara wake. Mbwa wa kazi asipolipwa, afande alisema, keshokutwa anagoma.

Maelekezo ya njia yakawa haya: ondoka alfajiri wakati umande bado upo, maana jua kali huua harufu, pita kijijini, kata mashamba, malizia kwenye yale mawe makubwa ya upande wa mtoni. "Tembea kawaida," alisema. "Kama siku zako zote."

Basi nikatembea kama siku zangu zote. Nilianza kwa mama ntilie, chai na chapati mbili, nikamwambia aandike kwenye daftari, akaandika kwa kukandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Karibu na gereji ya fundi nikaacha barabara, nikazama kwenye mahindi, nikapita nyuma ya uzio wake nimeinama, kwa sababu tulishaahidiana Ijumaa na ilikuwa Jumamosi. Nikatokea kwenye mihogo ya mama mkwe. Hapo pia niliinama. Mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, hukutani naye ovyo njiani, tena ukiwa na ng'ombe kadhaa wa mahari ambao bado "wako njiani" tangu mtoto wetu wa kwanza hajaota meno. Sasa yuko darasa la nne.

Nikafika kwenye mawe, nikapanda, nikaweka kopo pembeni, nikajinyoosha. Huko nyuma afande na Shani walikuwa wananipa saa mbili za kutangulia. Niliwahi kusoma kwamba Oktoba 1888, London ilipokuwa inamsaka yule muuaji wa mtaa wa Whitechapel, Jack the Ripper, waliletwa bladihaundi wawili, Barnaby na Burgho, wakajaribiwa Hyde Park, na mkuu wa polisi mwenyewe, Sir Charles Warren, akajitolea kuwa mwizi wa kufuatwa. Nikajiona nipo kwenye safu ya waheshimiwa. Ila naamini Sir Charles hakuwa anadaiwa chapati Hyde Park.

Nyani walikuja wakati nimefumba macho. Dume moja lilichukua kopo, likalifungua bila shida yoyote, likakaa jiwe la tatu na kula mshahara wa Shani kipande baada ya kipande huku likinitazama usoni. Nilirusha kijiwe. Likasimama. Nikaomba radhi.

Nilipogeuka kutazama bonde ndipo nilipoona maandamano.

Mbele Shani, pua chini, masikio yanafagia vumbi. Nyuma yake afande na kamba ndefu, kisha askari wawili wenye bunduki, kisha kijiji. Nasema kijiji. Baadaye nilielezwa ilivyokuwa. Shani aliingia moja kwa moja kwa mama ntilie, akanusa benchi nililokalia, akanusa daftari la madeni, akatoka. Mama ntilie alipouliza mnamtafuta nani, askari akajibu, kwa ukweli wote, "Mwizi." Mama ntilie akafunga jiko. Gereji je? Hakupita barabarani, aliingia mahindini palepale nilipoingia, akatokea nyuma ya uzio, na fundi, aliyekuwa anajisaidia huko, akamtambua mwenye alama za viatu kabla hata hajafunga zipu. Wakafika kwenye mihogo. Hapo, nasikia, mama mkwe hakuuliza chochote. Alijifunga kanga ya pili kiunoni, akafuata.

Kutoka juu ya mawe nilisikia vipande tu vya maneno: "...pembe za ndovu...", "...mimi nilijua zamani...", "...na pikipiki yake ninayo mimi..." Nilifikiria kukimbia. Ila kukimbia mbele ya watu wanaokuita mwizi, huko Mara, si jambo la kulifanyia majaribio.

Shani akapanda mawe taratibu, akanifikia, akaweka miguu miwili kifuani kwangu, kilo zake zote, nikaanguka chali. Akanilamba kuanzia kidevu hadi utosini. Udenda ukaingia sikioni. Umati ukatulia, halafu mzee mmoja kwa masikitiko makubwa akauliza: "Mbona hamng'ati?"

"Hana kazi ya kung'ata," afande akajibu, anatabasamu, amemaliza somo vizuri. "Haya, mpe nyama."

Nikaonyesha nyani.

Shani alisubiri. Kisha akainua kichwa, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwa mbwa, nzito, ndefu, ya kulalamika, na kila aliponyamaza alinitazama mimi. Afande akapata wasiwasi wa kweli, akasema lazima alipwe sasa hivi la sivyo mafunzo ya miezi yanaharibika. Aliyekuwa na nyama ni mama ntilie peke yake, alikuja na sufuria ya supu kwa kuwa alikuwa hajamwamini mtu wa kumwachia. Alimpa Shani vipande vinne vya mbuzi. Akatoa daftari kwenye kanga, akaandika.

Afande alieleza kwa sauti kubwa kuwa mimi si mwizi, ni kibarua, na malipo yangu haya hapa. Lilikuwa kosa la kiufundi kuzitoa hadharani. Mama ntilie akachukua zake mkononi mwa afande, fundi akachukua zilizobaki na kusema bado.

Tukabaki na mama mkwe. Kwa heshima hakunisemesha mimi, wala hakunitazama. Alimgeukia afande, akamwuliza kwa upole: "Mwanangu, huyu mbwa wenu, mtu akiwapa kamba ya ng'ombe ambaye hajawahi kuletwa, anaweza kumfuata mpaka alipo?"

Afande akakuna kichwa. Akasema atauliza ofisini.