Kutolewa kwenye mkutano wa kampeni Marekani: nani ana haki ya kukwambia utoke?

Tarehe 22 Februari 2025, ndani ya ukumbi wa shule ya sekondari mjini Coeur d'Alene, jimbo la Idaho, wanaume waliovaa kiraia walimburuta mwanamke kutoka kwenye kiti chake mbele ya kamera za simu. Mkutano ulikuwa wa bure, umeandaliwa na kamati ya chama cha Republican ya kaunti hiyo, na mwanamke huyo alikuwa amewazomea wazungumzaji. Aliuliza mara kwa mara wale watu ni akina nani, hakuna aliyejitambulisha. Mwanzoni aliyeandikiwa kosa ni yeye. Baadaye kosa hilo likafutwa, kampuni ya ulinzi iliyohusika ikanyang'anywa leseni kwa kuwa sheria ndogo ya mji inataka mlinzi avae sare inayosomeka kuwa ni mlinzi, na wanaume kadhaa wakafunguliwa mashtaka.

Je, waandaaji walikuwa na haki ya kumtaka atoke? Kwa maoni yangu, walikuwa nayo. Aliyekodi ukumbi ndiye mwenye ukumbi kwa saa zile, na kuzomea bila kukoma kunawapora nafasi waliokuja kusikiliza. Kilichowaponza ni jinsi haki hiyo ilivyotumiwa. Mijadala mingi kuhusu watu kutolewa mikutanoni inaishia kwenye swali la kama mzomeaji alistahili. Haifiki kwenye yale yanayoamua kesi: nani alitoa amri, kwa mamlaka gani, na nani aliitekeleza.

Kosa linalotumika karibu kila mara ni kuingia kwa jinai, yaani kuingia au kubaki mahali pa mtu bila idhini yake. Kila jimbo lina kifungu chake. Mkutano uliotangazwa kwa umma humpa kila anayefika idhini ya kuingia, na tiketi ya bure ni idhini hiyohiyo iliyochapishwa kwenye karatasi. Mwandaaji anaweza kuiondoa katikati ya hotuba. Kuanzia hapo, anayekataa kutoka ndiye anayeanza kutenda kosa. Sheria ya New York inalieleza hili kwa uwazi wa kupendeza: anayeingia au kubaki mahali palipo wazi kwa umma wakati huo ana ruhusa, isipokuwa akaidi amri halali ya kutoka, aliyoambiwa yeye mwenyewe na mwenye mahali au mtu aliyeidhinishwa. Tangazo la kipaza sauti kwamba "wazomeaji wote watatolewa" halitoshi kwa kipimo hicho.

Utaratibu usio na matata mahakamani ni mfupi. Mwandaaji, au mtu aliyempa mamlaka kwa maandishi, anamwendea mhusika, anajitambulisha, anamwambia idhini yake imeondolewa na kumwonyesha mlango. Anampa muda wa kuchukua vitu vyake na kutembea. Akigoma, anaitwa askari mwenye sare, naye anairudia amri mwandaaji akiwa pale pale kabla ya kumshika mtu mkono. Kesi hulegea hatua inaporukwa: amri imetolewa na kijana wa kujitolea ambaye hakuna aliyempa mamlaka, au mtu amekamatwa tayari akielekea mlangoni, au askari hawezi kumtaja aliyemwambia kwamba idhini imeondolewa. Ohio, kwa mfano, inahesabu kosa la kawaida la aina hii kuwa la daraja la nne, kifungo kisichozidi siku 30 na faini isiyozidi dola 250. Kwa adhabu ndogo hivyo, mwendesha mashtaka mwenye ushahidi mbovu huona afadhali alifute.

Ugumu halisi uko kwenye viwanja vya umma, na hapo mahakama zenyewe zimechora mstari ambao wengi hawaujui. Mwaka 1992 mji wa Strongsville, Ohio, uliwapa waandaaji wa kampeni ya Rais George Bush (baba) matumizi ya pekee ya kiwanja cha mji kwa ajili ya mkutano wenye tiketi. Mwanafunzi aliyefika na beji ya Clinton, mpinzani wake, alizuiwa kuingia nayo. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita, moja ya mahakama za rufaa za shirikisho zilizogawanywa kwa kanda, ilisema mwaka 1996 kwamba waandaaji wana haki ya kulinda ujumbe wao, ikifuata uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1995 kuhusu gwaride la Boston, kwamba waandaaji hawalazimishwi kubeba ujumbe wasioutaka. Kinyume chake ni Portland, Oregon, ambako mji uliwaruhusu wenye vibali wamfukuze yeyote anayetoa maoni tofauti, hata kwenye shughuli zilizokuwa wazi kwa kila mpita njia. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliupinga utaratibu huo. Kibali cha kutumia kiwanja ambacho watu wengine bado wanaruhusiwa kukipita hakimgeuzi mwandaaji kuwa mwenye kiwanja.

Uamuzi wa Strongsville unaniudhi, lakini nakubali kwamba ni sahihi. Kampeni ni chombo cha kusema jambo moja. Chama kikilazimishwa kuyabeba mabango ya wapinzani wake mbele ya kamera, hakibaki na mkutano wake. Wanaopinga wana hoja nzito pia: askari wanaosimama langoni wanalipwa na walipa kodi wa vyama vyote, na beji haimzuii mtu yeyote kusikia. Jibu langu ni kwamba askari asichague nani atoke. Mwandaaji achague kwa mdomo wake mwenyewe, abebe lawama yake, na askari aingie pale tu mtu anapokataa amri.

Hoja ya kulinda ujumbe haina nguvu hata kidogo pale mkutano unapokuwa wa serikali. Julai 4, 2004, mke na mume walikamatwa kwenye uwanja wa makao makuu ya jimbo la West Virginia, mjini Charleston, wakiwa na tiketi mkononi, kwa sababu fulana zao zilimpinga Rais George W. Bush, mtoto wa yule wa 1992. Ziara ilikuwa ya kiserikali. Mashtaka ya kuingia kwa jinai yakafutwa, na mwaka 2007 serikali ya shirikisho ikakubali kuwalipa dola 80,000. Mwaka uliofuata tukio hilo, mjini Denver, watu walitolewa kwenye hotuba ya rais kwa sababu ya stika iliyobandikwa kwenye bampa la gari walilokuja nalo. Hawakuwa wamefungua kinywa. Walishindwa kortini mwaka 2010 kwa kuwa maofisa walipewa kinga, na Mahakama Kuu ikakataa kuisikiliza kesi. Majaji Ginsburg na Sotomayor walipinga kukataa huko. Nadhani wao ndio waliokuwa sahihi. Ofisi ya rais si chama.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kuuachia umati kazi ya kutoa watu. Louisville, Kentucky, Machi 1, 2016, Donald Trump alitoa amri jukwaani kwamba waandamanaji watolewe nje. Waliosukumwa na kupigwa walimshtaki kwa uchochezi. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliitupa hoja hiyo, ikizingatia kwamba alisema pia wasiumizwe. Mzungumzaji alipona, lakini aliyetia mkono hana kinga ya namna hiyo: mhudhuriaji wa kawaida akimshika mwenzake, anajibu mwenyewe kwa shambulio.

Pale alipo mtu anayelindwa na Secret Service, kikosi cha shirikisho cha kulinda viongozi, awe rais au mgombea, huongezeka sheria ya shirikisho, kifungu cha 1752, kuhusu maeneo yaliyowekewa vizuizi. Kuingia au kubaki humo kwa kujua na bila mamlaka kunaweza kuleta kifungo cha hadi mwaka 1, na hadi miaka 10 ikihusika silaha hatari au jeraha kubwa.

Kwa ndugu zetu wakazi wa kudumu huko Marekani, kukamatwa huku hakuishi siku ile. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa, na inataka jibu hata kama kesi ilifutwa. Ukiamriwa kutoka na mwenye mamlaka, tembea utoke, kisha ubishane kwa barua ya wakili. Ukikamatwa, chukua kortini nakala iliyothibitishwa ya mwisho wa kesi, kwa maana ofisa wa uhamiaji atakuomba karatasi hiyo.