Kilo Nne Zimerudi Bila Hodi

Kukonda niliweza. Hilo mnipe. Nilitoka kilo 94 nikafika 78 kwa miezi saba, kwa samaki wa kuchemsha na sukuma isiyoonja mafuta, na mji mzima wa Kisumu ukajua. Kazini waliniuliza siri. Shemeji alinipiga picha kwa ubavu. Fundi wangu wa Kibuye akapunguza suruali nne, kiuno 40 hadi 34, akiimba, maana zilikuwa suruali nne na malipo manne.

Basi sherehe ikaisha hapo. Umewahi kusikia mtu akipongezwa, "Hongera, wiki hii hujabadilika"? Kukonda ni harusi. Kubaki ulivyo ni ndoa yenyewe, na hakuna anayeleta zawadi.

Karibu na stendi kuna kijana wa mizani, shilingi 20 kila ukipanda. Mimi huvua viatu, huweka simu, funguo na mkanda juu ya kistuli chake, kisha hutoa pumzi yote kana kwamba hewa nayo ina kilo. Kijana huinama, husoma polepole, halafu hutangaza kwa sauti ya makanga anayejaza gari: "82 mzee!" Mama wa njugu aliye pembeni huinua macho, hunikagua tumbo, hutikisa kichwa kukubali hesabu. Kwa urefu wangu wa mita 1.78, hospitali wanataka nisipite kilo 79 hivi. Niliwahi kumwambia kijana mizani yake mbovu. Akapanda yeye. Ilikuwa nzima.

Binti yangu anasomea uuguzi. Akanikalisha chini. "Baba, si kosa lako lote." (Hilo neno "lote" nililisikia.) Anasema mwili ukishapunguzwa hudhani kuna ukame. Hubana matumizi, ukachoma chakula kidogo kuliko zamani hata kwa kazi ileile, na homoni ya njaa iitwayo ghrelini hupanda huku leptini, ile ya kukwambia inatosha, ikishuka. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 2011 kwamba mwaka mzima baada ya watu kupungua, homoni hizo zilikuwa bado zinawapigia kelele wazidi kula. Kumbe ndani yangu kuna nyanya aliyewahi kuona njaa, anaficha unga chini ya kitanda na hataki kuambiwa mvua ilishanyesha.

Na nyanya huyo ana wenzake nje. Nilipokonda, mama alipiga simu kutoka Siaya, si kwangu, kwa mke wangu: "Mwanangu anaugua nini mnanificha?" Nilipoenda kujionyesha nilikuta jogoo tayari yuko chunguni. Halafu Jumamosi zetu mnazijua, matanga hayaishi. Wali, nyama, chapati. Ukikataa sahani ya matanga, ama una kinyongo na wafiwa, ama unaogopa kulogwa. Mimi nakula kwa ajili ya amani ya ukoo.

Nyumbani tulikubaliana ugali uwe saizi ya ngumi. Mama watoto hakusema ngumi ya nani. Mdogo wangu ni mwashi, anakaa kwetu, basi mimi hupima kwa yake.

Wamarekani wana daftari, tangu 1994, la watu waliopungua kilo 13.6 na zaidi wakakaa hivyo angalau mwaka. Binti alinisomea tabia zao. Wengi wao hupanda mizani walau mara moja kwa wiki, hufanya mazoezi kama saa moja kwa siku, hasa kutembea, na hunywa chai ya asubuhi na chakula chake. Hapo kwa chai nilifurahi sana. Hilo nalitimiza, siku nyingine mara mbili.

Kutembea nako nilijaribu, kutoka Kondele hadi mjini. Sasa tembea Kondele wewe ukiwa na shati la kuchomekea. Bodaboda wa kwanza: "Mzee, hamsini." Nikakataa. Wa pili akanifuata polepole kama askari wa doria: "Arobaini basi." Nikakaza mwendo. Wa tatu akasimama mbele yangu: "Thelathini, mzee, kwa sababu ni wewe." Kondele hadi mjini kwa 30! Nilipanda. Afya ni muhimu, lakini hata baba yangu aliye kaburini asingenisamehe kuiacha bei hiyo.

Jana nilirudi kwa fundi na suruali nne mkononi. Niliingia kwa mlango wa nyuma na hotuba yangu tayari: sabuni mpya, maji ya moto, kitambaa kujikunja. Hakuniuliza kitu. Aligeuza ile ya kijivu, akafungua mshono wa nyuma kwa wembe, na hapo ndani kitambaa chote cha zamani kilikuwa kimekunjwa na kupigwa pasi. Hakuwa amekata hata inchi.

"Zote nne?" nikauliza.

"Zote, jatelo. Tuanze na 36?"